Wakuu, tukijichorea zebra wenyewe kwenye kona ya shule tutakuwa tumekosea? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

KinyoziWaKona:

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo limenikaa kifuani.

Mi naishi Mbagala, mtaa wa ndani, sio kule kwenye barabara kubwa ya Kilwa. Zamani njia yetu ilikuwa vumbi na mashimo matupu, gari ikipita inajikongoja, watoto wanacheza rede katikati ya njia na dereva anapiga honi anasubiri watoke. Lami ilipokuja tulifurahi sana, mvua ikinyesha tunatoka, bajaji inafika mpaka mlangoni. Ila lami imekuja na mwendo. Sasa hivi daladala zinazokwepa foleni zinachepukia kwetu, tipa za mchanga kwetu, boda ndo usiseme. Na pale kona ya mwembe njia tatu zinakutana, upande wa pili kuna shule ya msingi na geti lake linafunguka moja kwa moja kwenye lami. Zebra hamna, tuta hamna, hata kibao cha kusema hapa kuna shule hamna.

Wiki tatu zilizopita mtoto wa darasa la pili aligongwa na bodaboda pale pale. Mi nina kibanda cha kunyoa hapo kona kwahiyo niliona kwa macho yangu, nilikuwa na mteja nimemnyoa nusu kichwa. Mtoto alisimama vizuri tu, mkono mmoja kashika begi, akaangalia kulia, lakini kulikuwa na bajaji imepaki kwenye kona haoni nyuma yake, akapiga hatua mbili achungulie na boda ikawa imeshafika. Namshukuru Mungu yuko hai, mguu uko kwenye plasta. Kiatu chake kimoja kilibaki katikati ya barabara, na mpaka naenda kukiokota nikawa naona magari yanakikwepa. Kiatu wanakiona wanakikwepa.

Barua tulishaandika miezi minne kabla ya hiyo ajali, ikagongwa muhuri, tukaambiwa iko kwenye mchakato. Sasa juzi kwenye kikao cha mtaa wazee na vijana tumekubaliana tuchange tununue rangi nyeupe, Jumamosi alfajiri kabla magari hayajachangamka tuchore zebra wenyewe. Mpaka sasa tuna elfu 86.

Nauliza mambo matatu. Kisheria imekaaje, tunaweza kushikwa? Rangi gani inakaa? Na la mwisho ndo linaninyima usingizi, hivi zebra ya kujichorea inazuia gari kweli au tutakuwa tumewaambia watoto piteni hapa na dereva hana habari?

---

MamaWawili:

Kaka chora. Mi mwanangu wa kwanza aligongwa akiwa na miaka saba akitoka madrasa, alipona ila mpaka leo yuko kidato cha pili akisikia honi anashtuka mwili mzima. Sisi pia tulisubiri mchakato. Zebra ililetwa mwaka mmoja na nusu baadaye, wakati huo nilishahama. Kama una rangi na una vijana msisubiri mtu.

---

FundiRangi_Tmk:

Niongelee rangi maana ndo kazi yangu.

Kwanza msinunue rangi ya maji ya ukutani, hiyo mvua mbili tu imeondoka. Rangi ya mafuta ya geti nayo inashika lakini inateleza, na matairi yanaibadilisha rangi inakuwa nyeusi ndani ya muda mfupi. Ulizeni dukani rangi ya kuchorea barabara, ipo ya makopo, inakauka haraka. Ile mnayoona kwenye barabara kubwa imenyanyuka kidogo ukigusa kwa kidole, ile inayeyushwa kwa moto na inamwagwa kwa mashine, halafu wananyunyizia punje ndogo ndogo za kioo juu yake ndo maana usiku taa ya gari ikiipiga inang'aa. Hiyo kwa mtaa hamuiwezi, inataka mtambo.

Hesabu yenu: kama barabara ni mita 6 upana, mkichora mistari ya nusu mita na nafasi ya nusu mita mnapata mistari sita, kila mstari urefu mita 3, jumla ni mita za mraba 9. Galoni moja ya lita 4 kwa mikono miwili inaweza kutosha kwa kubana, lakini lami inanyonya, bora muwe na mbili. Fagieni kwanza, tena mfagie haswa, mchanga wa Mbagala ukibaki chini ya rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Lami iwe kavu kabisa, na mstari upigwe kwa kamba na chaki kabla ya rola, sio kwa macho. Zebra iliyopinda dereva anajua mara moja ni ya mtaani anaipuuza.

Mimi nipo tayari kuja kusimamia, sitaki hela, nauli tu.

---

Mhandisi_Mstaafu:

Mwanangu kinyozi, pole sana kwa uliyoyaona. Nimefanya kazi ya barabara zaidi ya miaka thelathini na nitakuambia ninavyoamini, usikasirike.

Swali lako la tatu ndilo lenye uzito, na jibu ni kwamba rangi peke yake haizuii gari. Marekani walifanya utafiti mkubwa ulitoka 2005, wakalinganisha vivuko 1,000 vyenye alama na sehemu 1,000 zisizo na alama katika miji 30. Kwenye barabara ndogo za njia mbili kama hiyo yenu hawakuona tofauti ya maana, mtu anagongwa kwa kiwango kile kile kuwe na mistari au kusiwe. Na kwenye barabara pana za njia nyingi zinazopitisha magari zaidi ya 12,000 kwa siku, mistari mitupu bila kitu kingine ilikwenda pamoja na ajali nyingi zaidi. Anayevuka anaona mistari anajiamini, gari la kwanza linasimama, la pili linapita pembeni yake bila kuona kilichomsimamisha mwenzake. Hiyo sehemu ya pili mshukuru Mungu haiwahusu, yenu ni njia mbili.

Kinachoua ni mwendo. Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa maeneo ya makazi kwetu. Dereva akiona mtoto anahitaji kama sekunde moja mguu ufike kwenye breki, na ndani ya hiyo sekunde gari limeshakula karibu mita 14 bila kupunguza chochote. Mpaka lisimame kabisa, lami kavu na breki nzima, ni kama mita 28. Sasa shusha mwendo uwe 30. Gari lote linasimama ndani ya mita 13 hivi. Yaani mtoto aliyeko mita 14 mbele, huyu wa 30 ameshasimama, na yule wa 50 ndio kwanza anagusa breki. Hapo utaelewa kwanini dunia nzima sasa inapigania kilomita 30 penye watoto na waenda kwa miguu.

Kwahiyo kwenye kona yako ningeanza na haya. Ondoa bajaji kwenye kona. Wewe mwenyewe umeandika mtoto alikuwa haoni nyuma ya bajaji iliyopaki, basi hicho ndicho kilichomgonga kabla ya boda. Mita sita kabla ya sehemu ya kuvukia kusiwe na chombo kimepaki, hata mkokoteni wa madafu. Hii haihitaji kibali cha mhandisi, inahitaji mwenyekiti wa mtaa na watu wa kijiwe wakae chini waelewane. Halafu geti la shule. Kama uzio unaruhusu, geti lihamie upande ambao watoto wakitoka wanatokea kwenye njia ya miguu na sio kwenye lami. Halafu tuta, na bora zaidi ni lile tuta bapa ambalo zebra inachorwa juu yake, watoto wanavuka wakiwa wameinuka kidogo na gari lisipopunguza linajiumiza lenyewe.

Haya siyo ya Ulaya. Hapo hapo Dar shirika la Amend limefanya kazi hii kwenye shule nyingi za msingi, wanaweka njia za miguu, matuta, zebra, vizuizi, geti kuhamishwa, na wanakaa na watoto kuwafundisha. Walipofuatilia, watoto kuumia barabarani kulipungua kwa asilimia 26 kwenye shule zilizofanyiwa, na mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI. Vitu vyenyewe ni vya bei ya kawaida kabisa, zege na rangi na nondo.

Kuhusu sheria. Barabara ina mwenyewe, kuchora alama juu yake bila idhini ni kosa, na siku mtu akigongwa juu ya zebra yenu mtaulizwa nani alichora. Nakuuliza swali moja: ile barua mliiandika kwa nani?

---

KinyoziWaKona:

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, nimesoma mara tatu na jana usiku nimeisoma kwa sauti kibandani watu wakisikiliza.

Barua nimeitafuta nakala leo kwa mwenyekiti. Mzee tuliiandika kwa ofisi ambayo haina mamlaka kabisa na barabara, walipokea wakagonga muhuri wakaiweka. Hakuna aliyetuambia hapa sipo. Miezi minne tumesubiri mlango ambao sio wenyewe.

---

Mhandisi_Mstaafu:

Marahaba. Basi tumeshapata pa kuanzia. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanzishwa 2017, barabara kuu na za mikoa ndio wakala mwingine, TANROADS. Andikeni upya, kupitia mtendaji, nakala kwa diwani na kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya. Barua isiwe ya kulalamika peke yake, iwe na hesabu. Simameni asubuhi saa moja nzima mhesabu watoto wanaovuka na vyombo vinavyopita, mpime upana wa barabara kwa futi kamba, mchore ramani ya kona kwa mkono muonyeshe bajaji zinakaa wapi na mtoto aligongwa wapi. Mhandisi akipokea karatasi yenye namba anajua anakuja kuangalia nini, akipokea malalamiko tu inaingia kwenye rundo la malalamiko. Nasema hivyo kwa sababu hilo rundo nililiona.

---

BodaMzalendo:

Mi ni boda, napaki Mbagala Rangi Tatu. Najua humu watu mnatuchukia, lakini niseme ukweli.

Yule kijana aliyegonga mtoto sijui alikuwa na haraka gani lakini wengi wetu pikipiki sio yetu, jioni unapeleka hesabu ya mwenye pikipiki, ukikosa abiria wawili unaingia hasara, kwahiyo mwendo unakuwa ni njaa. Sio sababu ya kumgonga mtoto, sijasema hivyo, mimi pia nina binti yuko darasa la kwanza. Nasema ukitaka boda wapunguze usiwaandikie kibao, kaa nao. Kwetu kijiweni tulikubaliana pale mbele ya zahanati mtu akipita mbio anasimamishwa kazi siku moja, na anasimamishwa na sisi wenyewe. Tangu hapo pametulia.

Na fundi rangi amesema neno, rangi ya mafuta inateleza. Mvua ile ya kwanza ikichanganyika na vumbi, ukishika breki juu ya ule weupe tairi la mbele linakimbia. Nilishaanguka hivyo na abiria mama mtu mzima. Mkichora wekeni hata mchanga laini kwenye rangi iwe na mikwaruzo.

Kaka kinyozi niambie ni kijiwe gani kipo hapo karibu, naweza kuongea na mwenyekiti wao.

---

MpitaNjia_Nairobi:

Hapa kwetu Nairobi hatukuchora zebra, tulijenga bamps, yaani matuta. Naomba niwaambie ilivyoenda ili msirudie.

Estate yetu ina barabara moja inaunganisha barabara kubwa mbili, matatu zikaanza kuitumia kama njia ya mkato. Mtoto akagongwa, watu wakawa na hasira, tukachanga, simiti ikanunuliwa, na usiku huo huo bamps mbili zikajengwa. Hakuna aliyepima. Zilikuwa juu kama ngazi ya nyumba, bila rangi, bila kibao, na taa ya barabarani ilikuwa imekufa. Siku ya nne jamaa wa nduthi, yaani pikipiki, akatoka kazini usiku, mtu wa hapo hapo kwetu, alijua barabara tangu utotoni lakini hakujua tumeweka kitu. Akarushwa. Bega likavunjika na meno matatu yakatoka. Nilikuwa mmoja wa waliobeba kokoto, na nikambeba yeye pia kumpeleka hospitali.

Wenye barabara wakaja wakazing'oa. Tukaenda kwa MCA wetu, ni kama diwani kwenu, na sahihi za nyumba zote, tukazungushwa lakini mwisho zikajengwa zile za kisawasawa, zimelala, zina rangi ya njano na kibao kabla hujazifikia. Matatu zikarudi kwao kwenye barabara kubwa.

Kenya tunazika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani na kundi kubwa kuliko yote ni watu wa miguu. Thika Road ilipofunguliwa 2012 watu walikuwa wanakatiza mbio njia zote zile chini ya futbriji, daraja la watu wa miguu, na kila mtu anawalaumu, lakini ukiwa na mzigo kichwani na futbriji iko mbali na ngazi ni ndefu utakatiza tu. Mtu wa miguu anafuata njia fupi, na anayejenga asipolijua hilo anajenga kwa hasara. Kwahiyo kabla ya kuchora, angalieni watoto wanavukia wapi hasa. Msichore pale panapopendeza kwa macho ya wazee.

---

DadaWaTanga_LA:

Kaka kinyozi salaam kutoka Los Angeles. Mimi ni nesi huku, nilikuja nikiwa msichana, na hili jambo lako limenigusa kwa sababu hapa watu wanafanya hicho hicho unachotaka kufanya.

Tangu 2022 kuna kikundi cha wakazi wanachora vivuko kwa hela zao kwenye makutano ya mitaa ambayo manispaa haijachora. Wanapima, wanavaa vizibao vya kung'aa, wanaweka koni, wanachora asubuhi mapema. Vingine jiji lilikuja likavifuta. Vingine watu walipiga kelele mpaka jiji likachora vya kwake rasmi pale pale. Mwaka 2025 kuna bustani moja upande wa magharibi mwa mji wakazi walichora kwenye kona zake na baadaye jiji likaja kuweka vya kudumu. Na mwaka huo huo, Desemba, mmoja wao akakamatwa na polisi akiwa kwenye kazi hiyo. Kwahiyo hata huku jibu sio moja.

Jiji hili mwaka 2015 liliahidi kwamba ikifika 2025 hakuna atakayekufa barabarani. Katika miaka ya karibuni wamekufa kama watu 300 kila mwaka, na wengi ni watu wa miguu. Mimi nawapokea wale wanaofika wakiwa hai. Mtu akisema nchi tajiri hazina shida hii anakosea, mtaa ninaokaa una lami safi na taa na mtu anagongwa kwenye kona yenye kila kitu kwa sababu barabara ni pana kama uwanja wa ndege na dereva anajisikia huru.

Nilichojifunza kwa hawa wachoraji ni kwamba wanapiga picha kila kitu. Kabla, wakati wa kazi, baada. Jiji likija kufuta, picha ya wafutaji ndio inaleta waandishi wa habari. Rangi inakuwa ni barua ambayo huwezi kuitia kabatini.

Halafu mzee mhandisi alivyosema juu ya bajaji, California sasa ni sheria kabisa, kuanzia 2025 ukipaki ndani ya futi 20 kabla ya kivuko unaandikiwa faini, hata kama ukingo haujapakwa rangi. Futi 20 ni hizo mita sita zake.

---

MamaWawili:

Nimesoma majibu yote na narudisha kidogo maneno yangu. Nilisema chora kwa uchungu. Bado nataka mchore, ila hilo la bajaji lianze kesho, halihitaji rangi wala Jumamosi.

---

MwalimuWaChekechea:

Naongeza kwa upande wa watoto. Jamani mtoto mdogo hawezi kukadiria gari linakuja kwa mwendo gani. Anaona liko mbali, basi anajua ana muda. Hawezi kuunganisha umbali na mwendo kama mtu mzima, ubongo haujafika huko, hata umfundishe wimbo wa kulia kushoto kulia kila siku. Pia ni mfupi, boneti ya gari inamficha. Kwahiyo ule usemi wa "watoto wafundishwe kuvuka" naukubali lakini usiwe ndio jibu, mimi nafundisha kila wiki na bado wanakimbilia upande wa pili wakimuona mama.

Kinachosaidia asubuhi ni mtu mzima mwenye kizibao na kibao cha SIMAMA. Shuleni kwetu wazazi wanapeana zamu, wawili kila siku, dakika arobaini tu. Kule La Paz, Bolivia, tangu 2001 wanaweka vijana waliovaa kama punda milia kwenye vivuko, wanacheza na madereva, wanawashika watoto mkono. Dereva anapuuza mistari lakini mtu hawezi kumpuuza anayemtazama usoni.

Baba kinyozi, wewe uko hapo kona siku nzima. Madereva wanakujua sura. Anza wewe.

---

KinyoziWaKona:

Wakuu narudi na mrejesho, leo ni Jumapili usiku na sijalala vizuri siku nne ila moyo umetulia.

Jumamosi hatukuchora rangi. Alhamisi tulikaa na watu wa bajaji, mjadala ulikuwa mkali maana pale kona ndo wanapopata abiria, mmoja akasema mnataka tukale wapi. BodaMzalendo alikuja mwenyewe kama alivyoahidi, Mungu ambariki, akaongea nao kwa lugha yao. Wamekubali kusogea mita nane, kivuli cha mwembe bado kinawafikia. Tumepanga matairi manne yaliyojazwa udongo nje ya lami ili asije mgeni akapaki pale bila kujua, na shule imetoa miche ya maua tukaipanda humo.

Ijumaa asubuhi tulihesabu kama mzee alivyosema. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja na nusu wamevuka watoto 412, na 37 kati yao walikuwa wamemshika mkono mdogo wao. Vyombo vimepita 263, zaidi ya nusu ni pikipiki. Vilivyosimama vyenyewe kupisha watoto ni 11. Nilimpa kijana wangu wa saluni daftari aandike na baada ya nusu saa akaniambia bosi siwezi kuandika na kuangalia hawa watoto kwa pamoja, nikamwekea mwenzake. Na Mkenya wetu alikuwa sahihi, tulipotaka kuchora ilikuwa mbele ya geti kabisa, lakini watoto wengi wanavukia hatua kama kumi na tano pembeni, kwenye duka la mihogo, maana ndo njia ya nyumbani.

Jumamosi kwa ruhusa ya mtendaji na askari wa trafiki mmoja akiwepo, tulichora kwa chokaa. Fundi rangi alikuja na kamba yake, mistari imenyooka mpaka watu wakadhani ni ya serikali. Tukajaribu kwanza bila mtu, tukakaa pembeni kuangalia. Boda na magari yanapita vile vile, wengine wanapunguza kidogo kushangaa halafu wanaongeza. Kisha mwalimu mmoja wa pale shuleni akaingia na kizibao na kibao cha mbao tulichopaka nyekundu. Walisimama. Tipa ya mchanga ilisimama, dereva akatoa kichwa nje akasema hongereni. Nililia kidogo, siwezi kuficha.

Jioni mvua ikanyesha chokaa yote ikaenda mtaroni.

Barua mpya imeandikwa, ina namba zote na ramani ya kona, mwenyekiti anaipeleka kesho kwa mkono kwa wenye barabara na anasubiri jina la aliyepokea. Tumeomba tuta bapa lenye zebra juu yake pale kwenye duka la mihogo, na mtaa umesema utatoa nguvu kazi na mchanga. Zamu za asubuhi zinaanza kesho, kesho ni mimi na mama wa yule mtoto wa plasta, kaomba mwenyewe siku ya kwanza iwe yake.

Mzee, nikiandika barua ya kukumbushia, nisubiri siku ngapi? Na fundi, zile galoni mbili usizirudishe dukani.

---

Mhandisi_Mstaafu:

Siku kumi na nne. Ukifika siku ya kumi na tano hujapata jibu, nenda na daftari la hesabu lenyewe, sio nakala. Na usiende peke yako, nenda na mwalimu mkuu.

Umbali kutoka kwenye duka mpaka kona ni mita ngapi? Tuta likikaa karibu mno na kona, gari linalokata linalipanda likiwa bado limeinama upande.

---

KinyoziWaKona:

Nimepima sasa hivi kwa tochi ya simu. Mita 17 na nusu.

---

Mhandisi_Mstaafu:

Panafaa.

---

FundiRangi_Tmk:

Galoni ziko chini ya kitanda changu. Nasubiri simu.